Kapita Hakuwa Amelala

Nianze na hili, ili mtu asije akanipa sifa ambayo si yangu: mimi sikumtaka yule mjusi.

Aliletwa nyumbani na mume wangu, Audace, ambaye ni mlinzi katika ghala moja kule Mobeni, hapa Durban. Meneja mmoja wa ghala alikuwa anahamia ng'ambo na hakuwa na mtu wa kumwachia mnyama wake. Audace, ambaye hajui kusema hapana hata kwa mtu anayemuuzia kiatu cha mguu mmoja, akarudi Pinetown, tunakokaa, na sanduku la kioo, taa mbili na mjusi wa rangi ya mchanga, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Chini ya kidevu alikuwa na miiba midogo inayofanana na ndevu. Ni mijusi wa kutoka Australia, watu hapa wanawafuga kama sisi tunavyofuga sungura, ila hawawali.

Binti yetu Akimana, wakati ule ana miaka kumi na moja, alimpenda palepale. Akamwita Kapita, kwa sababu alipanda juu ya jiwe lake akatukagua mmoja mmoja kama msimamizi wa vibarua.

Kwetu Kayanza, Burundi, mjusi mkubwa akiingia ndani hakuna anayemtafutia jina. Wanatafuta ufagio. Marcelline, kiongozi wa kwaya yetu, alipokuja kutuombea na kumwona Kapita juu ya jiwe lake, alisimama mlangoni akaomba akiwa kulekule, na sikuwahi kumsikia akiomba sala fupi namna ile. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa amri: mnyama ni wa Akimana, kinyesi ni cha Akimana, panzi na mende wa kumlisha ni kazi ya Akimana, na mimi sitamgusa kwa ngozi yangu maisha yangu yote.

Nilijiruhusu kitu kimoja tu, kumpima uzito.

Hapa inabidi nieleze. Leo nauza kava za simu, lakini miaka tisa ya maisha yangu nilikuwa muuguzi, kitengo cha kupima watoto katika kituo cha afya. Mama anakuja na mtoto, unamning'iniza mtoto kwenye mizani, unaweka nukta kwenye kadi, unaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anapigiwa makofi. Ukienda bapa, unakaa naye mnaongea. Ukishuka, harudi nyumbani siku hiyo. Vyeti vyangu vimo kwenye bahasha juu ya kabati. Hapa Durban nimezungushwa na vyeti hivyo ofisi hii na ofisi ile mpaka nikachoka, na sitaki kuongea habari hiyo kwa sababu inanipandisha presha. Lakini mkono haujui kwamba cheti kimekataliwa. Nikiona kiumbe kinakua ndani ya nyumba yangu, mkono unatafuta mizani.

Basi kila Jumamosi asubuhi Akimana alimweka Kapita juu ya mizani yangu ya unga, mimi nikasoma namba na kuweka nukta kwenye daftari la miraba. Unga niliununulia mizani nyingine, sina wazimu.

"Mama, hakuna mtu anafanya hivi," Akimana aliniambia, na alipofikisha miaka kumi na tatu alianza kuniambia kwa kuvuta midomo. "Huyu si baby."

"Usipopima hujui."

"Nikimwangalia najua."

Hivi ndivyo watoto wanavyoongea na mtu anayeuza kava za simu. Hakuwahi kuniona nikiwa nimevaa nyeupe, alikuwa na miaka miwili tulipoondoka. Kwake mimi ni yule mama anayeita wateja pale kwenye kona na Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika.

Mwaka huu mwezi wa sita baridi iliingia mapema. Kapita akaanza kulala sana. Akaacha kula. Akimana aliuliza kwenye kundi lake la simu, lile la wafuga mijusi, na watu zaidi ya arobaini wakamjibu kitu kimoja: ni kawaida, mijusi hawa hulala majira ya baridi, mwacheni, msimsumbue, ukimwamsha unaweza kumuua. Akimana akaandika ANALALA kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo.

Nilikubali. Sijui mijusi. Jumamosi ya kwanza alikuwa na gramu mia nne na kumi na mbili, kama kawaida yake. Jumamosi ya pili mia tatu themanini na nane. Nilikunja uso, lakini nikasema labda amekojoa.

Halafu Ijumaa iliyofuata, jioni, umeme ukakatika mtaa mzima. Waya mkubwa wa chini ya ardhi uliungua, wakasema tusubiri. Taa za Kapita zikazima, na baridi ile ya Julai ikaingia ndani ya chumba. Hapo mimi, muuguzi wa miaka tisa, nikatoa amri kwa sauti kubwa. "Mfunge vizuri," nikamwambia Akimana, "mgonjwa hafi kwa baridi ndani ya nyumba yangu." Tukamzungusha kitenge kimoja, cha pili, na juu yake sweta ya Audace. Nilienda kulala nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Asubuhi tukamfungua. Kapita alikuwa wa baridi kama kikombe kilicholala kwenye sinki.

"Amelala tu," Akimana alisema.

"Mweke kwenye mizani."

Akamweka, huku anavuta midomo. Namba ikatokea: mia tatu arobaini na tisa. Halafu arobaini na saba. Hamsini na mbili. Arobaini na nane. Namba haikutaka kutulia. Nimepima watoto wengi ambao namba zao hazitulii, lakini wale wanapiga mateke. Huyu alikuwa amelala tumbo chini, macho yamefumba, hajisogezi. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia mgongo wake. Vidole vyake vya nyuma vilikuwa vinatetemeka, kidogo sana, vikipumzika na kuanza tena. Ni mtetemo huo uliokuwa unaichezesha mizani.

"Ana baridi," Akimana alisema.

"Mtu mwenye baridi anatetemeka mwili mzima."

"Yeye si mtu, Mama."

Hapo alinishinda, kwa sababu ni kweli. Lakini moyo ulikuwa umeshaanza kunidunda, na nilijua udundaji ule, nilikuwa nao Kayanza kila mstari uliposhuka. Nikavunja amri yangu mwenyewe. Nikanyoosha kidole, nikagusa taya ya Kapita. Nilitegemea mfupa. Nikakuta kitu laini, kinachobonyea kama ncha ya sikio.

Nilikuwa nimeshawahi kugusa mifupa ya namna ile. Kuna mtoto mmoja aliletwa kituoni, mama yake aliugua akamfungia ndani tangu kuzaliwa, hakuwahi kutolewa juani. Miguu imepinda matege, vifundo vimevimba, na siku ile aliyoletwa mikono yake ilikuwa inatetemeka hivihivi. Tulimwokoa. Mwingine aliyechelewa kwa siku mbili hatukumwokoa.

"Akimana," nikasema. "Huyu halali. Anakufa."

Alinigeukia kwa hasira. "Watu wote kwa group wamesema ni usingizi wa winter. Wote. Wewe hata hujui reptiles, Mama. Ukimwamsha akifa, ni wewe."

Sitaficha kwamba maneno yale yalinichoma. Na sitaficha kwamba niliogopa, kwa sababu labda ni kweli wao ndio wanajua. Kama nimekosea, mtoto wangu angenikumbuka kwa kumuua mnyama wake. Kama sijakosea na nikanyamaza, hiyo ni mbaya zaidi.

"Lete kidole," nikamwambia.

"Sitaki."

"Lete kidole chako hapa, Akimana."

Nikakishika, nikakiweka chini ya vidole vya nyuma vya Kapita, tukasubiri. Kisha nikakipeleka kwenye taya. Uso wake ukabadilika, midomo ikashuka, akawa tena yule mtoto niliyevuka naye mipaka minne mgongoni.

"Mama, ni nini?"

"Ni mifupa. Chumvi ya mifupa imeisha mwilini, sasa misuli inaanza kuchanganyikiwa. Ikifika kwenye moyo, basi."

"Lakini ana taa. Na tumemweka dirishani, anapata jua."

"Sijui habari ya taa. Najua habari ya mifupa. Tafuta namba ya daktari wa wanyama."

Kliniki ya karibu inayotibu mijusi ilikuwa Westville, na Jumamosi inafungwa saa sita mchana. Akimana akapiga. Dada wa mapokezi akamwambia hao hulala majira haya, tumpangie Jumatatu. Akimana alinitazama simu ikiwa sikioni, na nikaona kwamba alitamani kukubali. Nikainyakua ile simu.

Kiingereza changu ni cha sokoni, hilo najua. Lakini kuna aina moja ya maneno ambayo siwezi kuyakosea kwa lugha yoyote, maneno ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzako. Nikamwambia: dume, umri karibu miaka minne. Uzito, gramu sitini na tatu zimepotea ndani ya siku kumi na nne. Siku kumi na mbili hajala, tisa hajapata choo. Miguu ya nyuma haibebi mwili. Vidole vinatetemeka. Taya ni laini. Mwili ni wa baridi, hatuna umeme tangu jana. Jumatatu ni mbali.

Kisha yule dada akasema, subiri. Aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine. "Daktari anasema mlete sasa hivi. Na mumpashe joto njiani, taratibu, msimchome."

Umeme hamna, kwa hiyo maji ya moto hamna. Akimana alikuwa ameshachukua vitenge.

"Acha," nikamwambia.

"Daktari amesema joto."

"Kitenge hakina joto. Kinatunza lile ulilo nalo, na huyu hana. Tulimfunga jana usiku na baridi yake ndani."

Niliyasema hayo huku nikijisikia mjinga kuliko nilivyowahi kujisikia, kwa sababu hili nililijua. Njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, hawezi kujipasha mwili. Mfunge blanketi kumi, atapoa ndani ya blanketi kumi. Mashine za kupashia joto hatukuwa nazo, tulikuwa na vifua vya mama zao. Unamvua mtoto, unamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, unamfunika juu. Nimewafundisha wanawake wasiohesabika kufanya hivyo, na wengine nililazimika kuwagombeza kwa sababu waliogopa kile kitoto chenye ngozi ya mzee.

Sasa nilijigombeza mwenyewe. Nikafungua vifungo vya blauzi, nikafumba macho, nikasema, "Nipe."

"Mama? Wewe?"

"Nipe kabla sijabadili mawazo."

Akamlaza kifuani pangu. Sijui niseme nini juu ya dakika ile ya kwanza. Makucha, miiba, tumbo la baridi, na kila nywele ya mwili wangu ikitaka kukimbia kurudi Kayanza bila mimi. Nikavuta pumzi, nikafunga vifungo, nikajifunga kitenge juu yake.

Jirani yetu Papy, Mkongo wa duka la kutengeneza simu, ndiye mwenye gari. Tulimkuta anafungua duka, akalifunga tena bila kuuliza sana. Tulipokuwa tumeshatoka barabarani ndipo akatazama kwenye kioo cha ndani.

"Mama Akimana, ile nyama iko wapi? Sioni sanduku." Kwa Kiswahili chao nyama ni mnyama.

"Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa kifua."

Alipunguza mwendo ingawa robot, taa ya barabarani, ilikuwa ya kijani. "Eish. Vraiment, kweli? Bila kitambaa?"

"Bila kitambaa. Papy, endesha."

"Naendesha, Mama. Pardon. Naendesha." Na akaendesha, shingo ameikaza mbele, mpaka Westville.

Tulikuwa tunapanda kilima chenye miti mingi ndipo nikasikia kitu. Kucha moja ikanishika. Halafu nyingine. Hazikuwa zinatetemeka, zilikuwa zinashika, kama mtoto anavyoshika anapojua yuko kwa nani. Nikafungua kifungo kimoja. Jicho moja lilikuwa wazi linanitazama, la rangi ya shaba, limejaa dharau yake ileile ya usimamizi. Nilimwambia Akimana atazame, akatazama, akaanza kulia kimyakimya akiwa ameegemea bega langu. Mimi sikulia. Nilikuwa kazini.

Dokta Perumal ni mwanamke mfupi mwenye mvi, anatembea haraka. Alitoka chumbani kwake akaangalia mikononi mwetu, akaangalia sakafuni. "Mgonjwa yuko wapi?"

Nikafungua vifungo, mbele ya watu wawili wenye mbwa na mmoja mwenye paka. Dokta akamchukua Kapita, akamgusa tumbo kwa mgongo wa vidole, kisha akanitazama mimi.

"Ana joto la kutosha," akasema. "Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Ni kama njiti," nikasema. Kwa Kiingereza nilisema mtoto aliyezaliwa mapema. "Mimi ni muuguzi."

Miaka kumi na moja niko nchi hii, na kila nilipolisema neno hilo nililiwekea mkia: zamani, kwetu, kabla. Siku ile sikuweka mkia wowote. Akimana alikuwa amesimama pembeni yangu na alisikia.

Picha ya eksirei ilitoka, Dokta akaiweka kwenye skrini akatuita wote wawili. Mifupa ya Kapita ilionekana kwa shida, imefifia kama chaki iliyofutwa vibaya. Akaeleza. Mjusi huyu anahitaji mionzi fulani ya jua ili kutengeneza mifupa. Ile taa yetu maalumu ilikuwa bado inawaka vizuri, lakini mionzi yake ilikwisha zamani, hizo hubadilishwa kila mwaka hata kama zinaangaza. Na jua la dirishani halikusaidia, kioo huizuia mionzi ileile anayoihitaji. Tulimweka mbele ya jua mwaka mzima asipate hata tone.

"Watu wengi wangemwacha," Dokta akasema. "Wangesema amelala. Siku mbili zaidi, moyo ungesimama." Kisha akamuuliza Akimana, "Uzito wake wa kila wiki mliujuaje?"

Nilingoja aseme kama kawaida yake kwamba ni mambo ya Mama. Akimana alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mama yangu anachora," akasema. "Anachora mstari wake. Ulipofika chini akajua."

Kapita alikaa kliniki siku nne, akichomwa sindano za chumvi ya mifupa na kuwekewa maji ya mwilini. Kuhusu gharama, Audace alisema maadamu ni yeye aliyemleta nyumbani, atamlipia yeye, na mimi safari hii sikubishana naye. Jumatano nilifunga meza yangu mapema, nikampitia Akimana shuleni, tukaenda kumchukua. Alikuwa amesimama. Tumbo halikugusa chini, miguu yote minne ilikuwa inafanya kazi, na aliponiona alivimbisha ndevu zake zikawa nyeusi ti, yaani amekasirika. Mgonjwa anayeweza kukasirika ninampenda sana.

Dada wa mapokezi akatueleza kilichobaki. Mdomoni, pale taya ilipolegea, palikuwa na kidonda, kwa hiyo kuna dawa ya sindano, moja kila siku ya tatu, mara tano. Tutamleta kila mara wamchome wao.

"Hatutamleta," Akimana akasema, kabla sijafungua mdomo. "Atachomwa nyumbani. Mama yangu ni muuguzi."

Alilisema kwa Kiingereza chake kizuri cha shule, kwa sauti, watu wote wakiwa pale. Dokta Perumal alitoka na sindano tano kwenye mfuko, akanionyesha mahali: mkono wa mbele, si mguu wa nyuma, kwa sababu kwa mijusi dawa ya nyuma hupitia figo kwanza. Nikamuuliza maswali mawili, akanijibu kama mwenzake.

Siku ya sindano ya kwanza niliosha mikono mpaka viwiko, nikafuta meza ya jikoni, nikatandika taulo safi. Miaka kumi na moja sikuwa nimeshika sindano. Nilidhani vidole vitakuwa vizito. Nikavuta dawa, nikagonga bomba kwa ukucha, kiputo cha hewa kikapanda juu, nikakitoa. Vidole vilikuwa vyepesi kama vile juzi nilikuwa zamu.

"Mshike hapa, chini ya kwapa," nikamwambia Akimana. "Usimbane. Ajue tu kwamba upo."

Akamshika vizuri mara ya kwanza, na nilijivunia mikono ile kuliko cheti chochote kilicho kwenye bahasha. Nikachoma. Kapita aliendelea kutazama dirishani. Akimana alikuwa haangalii mjusi, alikuwa anaangalia mkono wangu.

"Mama, lini utachoma?"

"Nimeshachoma."

Akatazama sindano tupu, akamtazama Kapita, akanitazama mimi. "Hakusikia hata."

"Kwangu hawasikiagi," nikamwambia.